Hoteli ya meza sita ikikutwa na janga: nijiunge na chama au nijipambanie mwenyewe?

Dada mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Nilikuwa na hoteli ndogo ya chakula cha Kiswahili, asubuhi mahamri na mbaazi, mchana pilau na biriani, jioni viazi vya karai. Korona ilipoingia 2020 nikafunga, kodi ikanilalia miezi mitatu, wafanyakazi wangu wanne wakarudi makwao na sikuona hata senti moja ya serikali. Nimefungua tena 2022 kwa pesa za kuungaunga. Sasa kuna chama cha wenye hoteli kinanitaka nijiunge nilipe ada ya mwaka. Hivi vyama vilimsaidia nani wakati ule? Na likija balaa jingine kama lile mtu wa hoteli ya meza sita atadai nini, na kwa nani? Manake nasikia Marekani wenzetu walipewa mapesa."

Dada yangu, pole. Najua miaka imepita lakini kuna watu wanaolipa deni la kodi ya mwaka ule mpaka leo, polepole, na hoteli kadhaa ninazozijua mimi zilifungwa zikafungwa moja kwa moja. Kazi yangu ni hesabu za biashara ndogo za chakula, na wenyewe wakitaka barua ya kaunti ama ya mwenye nyumba huniita niwaandikie, kwa hivyo hili swali lako naliishi. Jibu la haraka ni kwamba jiunge, ila uulize maswali fulani kabla ya kutoa ada, nitakutajia huko chini. Na ile pesa ya serikali ilikupita kwa sababu inayoelezeka kabisa, ukiielewa sababu yenyewe utajua pia cha kudai siku nyingine.

Turudi 2020 kidogo. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 13 Machi. Tarehe 22 Machi wakasema baa zifungwe na hoteli ziuze tekawei tu, siku tano baadae kafyu ya saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa hakuna kutoka hakuna kuingia. Halafu 27 Aprili waziri wa afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akatangaza hoteli zinaweza kufungua, lakini wafanyakazi wapimwe korona kwanza, wateja wasizidi wanne kwa kila mita 10 za mraba, wakae mbalimbali mita moja na nusu, na mlango ufungwe saa kumi jioni.

Sasa weka kalenda mbele yako. Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa imeanza siku chache tu kabla ya hilo tangazo. Yaani mtu wa Mji wa Kale amepewa ruhusa ya kuuza saa ambazo wateja wake wamefunga, na ikifika saa ya futari, ambayo kwa hoteli kama yako ndio soko lenyewe, sambusa, kaimati, mkate wa sinia, uji wa pilipili manga, yeye ashafunga zamani na kafyu ndio hiyo inagonga mlango. Na hata hiyo ruhusa haikukaa, 6 Mei Mji wa Kale na Eastleigh ya Nairobi zikafungiwa, na hoteli zilizo ndani ya mitaa hiyo zikaambiwa zisifungue kabisa, Ramadhani ikaisha na Idi ikapita vyungu vimepinduliwa. Mimi siamini kwamba aliyeandika "saa kumi jioni" alitaka kuwaumiza watu wa Pwani, naamini aliandika akifikiria hoteli ya chakula cha mchana ya Nairobi, wafanyakazi wa maofisini wanakula saa saba wanaondoka. Lakini ndio ujue sheria ya nchi nzima inaweza kuandikwa kwa picha ya hoteli moja iliyo kichwani mwa mtu, na usipompelekea picha ya hoteli yako kwa maandishi atatumia ile aliyonayo.

Haya, misaada. Watu wanasema serikali haikutoa kitu, hiyo si kweli sana, ilitoa, ila angalia ilipitia wapi. VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ilishushwa kutoka asilimia 16 mpaka 14 kuanzia 1 Aprili 2020. Lakini biashara ambayo mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka hailazimiki hata kujisajili VAT, kwa hivyo hoteli kama yako haikukusanya VAT na haikupunguziwa chochote, labda sabuni na soda unazonunua zishuke bei kidogo, na sidhani uliona zikishuka. Ushuru wa mauzo wa biashara ndogo, ule wa turnover tax, ukashushwa kutoka asilimia 3 mpaka 1, sawa, lakini asilimia ya mauzo ambayo hayapo ni sifuri vilevile. Wafanyakazi wa mshahara usiozidi 24,000 wakaondolewa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vizuri sana, ila wako walikuwa wanalipwa kwa siku jioni mkononi, PAYE hawakuwahi kukatwa. Benki Kuu ikaziruhusu benki ziwasogezee watu marejesho ya mikopo, na wewe mkopo wako ulikuwa wa chama cha akina mama na wa shemeji. Mwezi wa Mei ukaja mpango wa kuinua uchumi wa bilioni 53.7, ndani yake bilioni 2 za kukarabati mahoteli ya utalii, ambazo zilipitia Tourism Finance Corporation kama mikopo ya riba nafuu, na bilioni 3 za kudhamini mikopo ya biashara ndogo benki. Mikopo yote hiyo, dada, sio ruzuku, na mkopo unataka hesabu za miaka nyuma, leseni zilizonyooka, cheti cha ushuru, akaunti ya benki inayosoma kitu.

Kila njia iliyopitishiwa msaada ilikuwa njia ambayo wewe hukuwa umesimama. Ushuru, payroli, benki. Hukunyimwa na mtu, hukuonekana tu. Na ndio maana mie huwa nawaambia wateja wangu kwamba kazi ya kutetea hoteli ndogo inaanza na kuifanya ionekane, kabla ya kwenda kupiga kelele mahali.

Hilo la Marekani sasa, nilieleze vizuri manake linasimuliwa nusunusu. Kule nako mwanzo hoteli ndogo ziliachwa. Serikali ilitoa mpango wa PPP, mkopo ambao ukiutumia zaidi kwa mishahara unasamehewa, lakini ulipitia benki, na zile dola bilioni 349 za kwanza ziliisha ndani ya wiki mbili Aprili 2020, mwenye benki inayomjua kwa jina akaingia mbele, mwenye kibanda cha familia akabaki anajaza fomu. Shake Shack, kampuni ya matawi mengi ya baga, ilipata dola milioni 10, watu wakakasirika mpaka ikarudisha. Na hata hoteli ndogo zilizopata zilikwama, kwa sababu asilimia 75 ya pesa ilitakiwa iende mishahara ndani ya wiki 8, sasa hoteli imefungwa kwa amri, unamlipa mpishi akae afanye nini, halafu kodi ya jengo uilipe na nini?

Mwezi uleule wa Machi 2020 wapishi na wenye migahawa ya kujitegemea, akiwemo mpishi Tom Colicchio, waliunda umoja wao unaoitwa Independent Restaurant Coalition. Chama cha wenye migahawa kilikuwepo kule toka 1919, lakini ndani yake kuna makampuni makubwa pia, na shida ya mwenye matawi elfu si shida ya mwenye jiko moja. Hawa wapya walifanya kitu ambacho ndio kiini cha hii habari yote, hawakwenda kuomba "tusaidieni", walikwenda na madai yaliyohesabiwa. Kwanza, legezeni masharti ya PPP, na Juni 2020 bunge likalegeza, mishahara ikashuka mpaka asilimia 60 na muda ukawa wiki 24, sio wao peke yao waliolidai hilo lakini walikuwa mstari wa mbele. Pili, tupeni mfuko wetu wenyewe, dola bilioni 120, na wakaandika mpaka namna ya kuugawa: chukua mauzo ya mgahawa ya 2019, toa mauzo ya 2020, tofauti ndio hasara, lipa hasara. Mswada ukaingia bungeni Juni 2020, mdhamini mmoja wa Democrats na mwingine wa Republicans. Iliwachukua mpaka Machi 2021, na walichopata ni bilioni 28.6, robo hivi ya walichotaka, lakini hesabu ni ileile waliyoandika wao. Ukapewa jina Restaurant Revitalization Fund, na bilioni 5 ndani yake zikatengewa wadogo ambao mauzo yao ya 2019 hayakuzidi dola 500,000.

Sasa usikie mwisho wake ndio ujue "walipewa mapesa" inaficha nini. Dirisha lilifunguliwa 3 Mei 2021. Yaliingia maombi zaidi ya 278,000, jumla wanaomba kama dola bilioni 72. Waliolipwa ni kama 101,000. Wengine wote, kuna waliokuwa washaambiwa fomu zao ziko sawa, wakaambiwa pesa zimeisha. Wanawake, wanajeshi wa zamani na watu wa jamii zilizobaguliwa walikuwa wamepewa kipaumbele siku 21 za mwanzo, watu wakaenda mahakamani kupinga, mahakama ya rufaa ikasema kipaumbele cha rangi na jinsia hakiruhusiwi, na karibu waombaji 3,000 ambao washaandikiwa kwamba wamekubaliwa wakaandikiwa tena kwamba hawatalipwa. Hili huniumiza kila nikilisoma, mtu ashamwambia mpishi wake arudi kazini. Wakajaribu kuongezewa pesa, Mei 2022 Seneti ikapiga kura 52 kwa 43, na kwa kanuni zao walihitaji 60, ikafa hapo.

Kwa hiyo hata kule kwenye pesa, aliyepata alikuwa na vitu viwili, mauzo ya 2019 yaliyoandikwa na mtu wa kumwambia dirisha linafunguliwa lini. Na karatasi zenyewe hazikuwa za ajabu, walikubali stetimenti za benki, ripoti ya mashine ya mauzo, hata hesabu aliyoandaa mwenyewe mwenye mgahawa.

Tuje kwako. Anza na daftari. Kaunta buku ile ya mistari ya shilingi mia ngapi sijui, ukurasa mmoja kwa siku, na wala usiandike mambo mengi: umeuza jumla ngapi, ngapi taslimu ngapi M-Pesa, umenunua nini, umemlipa nani, sahani ngapi zimetoka. Mwisho wa mwezi omba stetimenti ya namba yako ya Lipa na M-Pesa uihifadhi, na hapa naomba unisikilize vizuri, usichanganye pesa ya hoteli na namba yako ya kibinafsi, nimeona hoteli nzuri sana ambazo hesabu zake hazitengeki kwa sababu mauzo ya biriani yameingia pamoja na mchango wa harusi na karo ya watoto. Siku ikija unataka uweze kusema hivi, nakupa mfano wa kubuni tu: Aprili mwaka jana nimeuza wastani wa 11,000 kwa siku, siku 26, hiyo ni 286,000. Aprili hii nimeuza 2,500 kwa siku, 65,000. Pengo ni 221,000. Kodi yangu 30,000 haikupungua, stima na maji 8,000, wafanyakazi wanne. Ukurasa mmoja. Sasa fikiria hoteli 40 za Mji wa Kale, Makadara na Majengo kila mmoja ana ukurasa wake, zinabandikwa pamoja zinapelekwa kwa afisa wa kaunti, juu imeandikwa hoteli 40, ajira 160, pengo la mwezi hili hapa. Hiyo barua inasomwa, manake afisa naye anahitaji namba ya kumpelekea mkubwa wake.

Nakujua utaogopa ushuru, kila mtu wa hoteli ndogo akisikia daftari anaona KRA, mamlaka ya ushuru. Nakuelewa. Lakini ushuru wa mauzo saa hizi ni asilimia 3 kwa biashara ya milioni 1 mpaka 25 kwa mwaka, tena mambo ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, yanawavuta wote taratibu ndani, kujificha kunazidi kuwa kugumu na kunakugharimu siku ya msaada. Hapa kila mtu ataamua mwenyewe, mimi nakwambia ninavyoona nikiwa naangalia hesabu za watu.

Halafu kodi ya jengo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi walipofia. Uingereza serikali ilizuia wenye majengo kuwatoa wapangaji wa biashara kwa sababu ya deni la kodi toka Machi 2020 mpaka Machi 2022, deni halikufutwa lakini mlango haukufungwa. Kenya Seneti ilikuwa na mswada wa kushughulikia majanga mwaka ule wa 2020, ndani kulikuwa na kipengele cha mpangaji aliyeshindwa kulipa kukaa na mwenye nyumba waandikiane makubaliano, haukuwa sheria. Lakini kuna sheria ya zamani ambayo watu wengi wa hoteli hawaijui na imewataja wao kwa jina kabisa, Cap 301, ya wenye maduka, mahoteli na mahali pa kuuzia chakula. Inasema hivi kwa ufupi: kama umepanga bila mkataba wa maandishi, au mkataba wako ni wa miaka isiyozidi mitano, upangaji wako una ulinzi. Mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi wala kukutoa kwa mdomo ama kwa ujumbe wa wasapu, lazma akupe notisi kwa fomu maalumu, na notisi yenyewe haianzi kazi kabla miezi miwili haijapita. Usipokubali unamjibu ndani ya mwezi mmoja na unapeleka shauri Business Premises Rent Tribunal kabla ile tarehe haijafika. Ukishapeleka, notisi inasimama mpaka shauri lisikizwe.

Ila usije ukasema nilikwambia sheria inafuta deni, haifuti. Kuchelewesha kodi miezi miwili ni moja ya sababu ambazo mwenye nyumba anaruhusiwa kuzitumia. Ndio maana barua inatakiwa iende mapema, mwezi wa kwanza mambo yalipoharibika, sio wa tatu. Andika: mauzo yameshuka kutoka hapa mpaka hapa, naomba nilipe nusu kwa miezi minne, nusu iliyobaki niigawanye kwenye mwaka utakaofuata, weka sahihi, mpe na yeye aweke, pigeni picha. Wenye nyumba wengi wa Mji wa Kale ni watu wa familia, mnajuana na mnazikana, wengine walikubali kwa mdomo 2020 halafu mzee akafariki, watoto wakaja na hesabu yao. Karatasi ingewaokoa wote wawili na ugomvi.

Kwa nani tena udai? Kaunti. Watu wanaangalia Nairobi na kumbe vitu vingi vinavyokubana kila siku viko Treasury Square kwenye ofisi za kaunti, leseni ya biashara, cheti cha moto, afya ya umma, vyeti vya afya vya wafanyakazi kila miezi sita. Hoteli ikifungwa kwa amri ya serikali miezi mitatu, dai la haki kabisa ni kwamba leseni ya mwaka isogezwe mbele miezi mitatu, haimgharimu mtu pesa taslimu na inakupunguzia wewe. Kila mwaka kaunti inatunga sheria yake ya fedha inayopanga ada zote hizo, na katiba ya 2010 inawalazimisha waite wananchi watoe maoni. Nendeni. Chagueni watu watatu wanaojua kuongea, pelekeni maoni yaliyoandikwa, na ombeni yagongwe muhuri wa kupokelewa, nakala mrudi nayo. Dai lenu linaweza kuwa sentensi moja tu, kwamba panapotangazwa kufungwa kwa biashara kwa sababu ya afya ya umma, muda wa leseni usimame. Hili ni rahisi kupita sasa hivi wakati hakuna janga kuliko siku ambayo kila mtu anapiga kelele.

La pili la kaunti, na hili ndilo ninalolipenda mwenyewe. 2020 kaunti ya Mombasa iligawa chakula cha msaada majumbani, vyakula vikavu, kazi kubwa na nzuri. Wakati huohuo majiko ya hoteli yamezimwa na wapishi wako nyumbani nao wanasubiri hicho chakula. Marekani shirika la mpishi José Andrés, World Central Kitchen, lilifanya mpango wa kuzilipa hoteli za mitaa zipikie watu wenye shida, zaidi ya hoteli 2,000 ziliingia, kila sahani imelipiwa, jiko linawaka, mpishi anarudi nyumbani na kitu. Sisi tunaweza kabisa, manake watu wa Mji wa Kale kupika sufuria la watu 200 ni jambo la kila wiki ya harusi. Wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa waliojitenga, askari na manesi wa zamu, wote walihitaji chakula kilichopikwa. Mkiwa na orodha ya hoteli 40, kila moja inaweza kupika sahani ngapi kwa siku, bei gani, leseni ya afya iko wapi, hiyo orodha iwe imeshawekwa kwenye faili ya kaunti kabla. Siku ya shida afisa anaita orodha, haanzi kutafuta.

Na masaa. Nilishasema habari ya saa kumi jioni. Dai lenu likae tayari limeandikwa: Pwani, mwezi wa Ramadhani, hoteli zifunge mchana zikitakiwa lakini ziuze tekawei kuanzia alasiri mpaka baada ya magharibi, dirishani, foleni na nafasi. Hilo halipingani na afya ya watu hata kidogo, pengine linapunguza msongamano, kwa sababu watu wakibanwa wote wanunue ndani ya saa moja ndipo wanaposukumana.

Bima nitaipita haraka. Uingereza mahakama ya juu kabisa Januari 2021 iliamua kwamba biashara zenye bima ya kukatizwa shughuli, ambayo karatasi yake ilitaja ugonjwa wa kuambukiza, zilipwe. Marekani wengi walishindwa, mahakama zikasema lazma jengo lenyewe liwe limeharibika. Hoteli nyingi ndogo kwetu hazina bima, zikiwa nayo ni ya moto na wizi. Ukikatiwa bima siku moja, muulize wakala akuonyeshe kwa kidole maneno yanayohusu kufungwa kwa amri ya serikali, na asipoyaonyesha ujue hayamo.

Sasa chama chako. Vipo vya kweli, KAHC ya wenye mahoteli na wapishi ina watu wake Pwani toka zamani, PERAK ya mabaa na migahawa ilisikika sana 2020 na 2021 ikipigania kufunguliwa. Lakini hoteli ya vitanda 200 ya ufukweni inadai watalii na ndege, baa inadai masaa ya pombe, wewe unadai kodi ya jengo, leseni na saa ya futari. Kwa hiyo maswali yangu kabla ya ada ni haya: wanachama wa ukubwa wako wako wangapi na wanakaa wapi kwenye kamati? Mara ya mwisho mmepeleka maandishi kaunti lini, naomba nione nakala yenye muhuri. Janga likitokea mwanachama anaambiwa na nani, kwa njia gani, ndani ya siku ngapi? Na ada inatumika vipi, hesabu za mwaka jana ziko wapi? Wakijibu vizuri lipa bila kusita. Wakikuzungusha, kusanyeni wenyewe hoteli kumi kumi na tano za mtaa, msajili kikundi, muwe na katibu mmoja anayejua kuandika, halafu hicho kikundi chenu ndicho kikajiunge na chama kikubwa kwa sauti moja. Mimi ningeanza na hiyo ya pili hata kama chama ni kizuri, kwa sababu mtu mmoja wa meza sita ndani ya ukumbi wa watu wa mahoteli makubwa atakaa nyuma na atanyamaza.

Na mtu wa kuanza naye unaye, ni jirani yako aliyefunga siku moja na wewe. Mwambie alete hesabu za miezi mitatu hata kama ni za daftari la deni, wewe lete zako, mkishafika watano niandikieni tena, tutakaa tuandike ile barua ya leseni pamoja kabla kaunti haijaita maoni ya sheria ya fedha. Ile fomu ya chama usiiweke sahihi bado, nitumie picha ya ukurasa wenye masharti ya ada na ule unaoeleza kamati inachaguliwaje, nitakusomea nikwambie.